Bastola ya kibali sio ulinzi wa mtaji wako

Wauzaji wenzangu wa Ngara na Biharamulo, wengi mnauliza: mtu akibeba hela ya mzigo, atembee na bastola ya kihalali?

Kwanza, hainunuliwi kama simu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali, na maombi yanaanzia kijijini au mtaani, yanapanda hadi wilaya na mkoa. Wanaokujua ndio wanaulizwa tabia yako.

Pili, kibali kinaishia mpakani. Ukivuka Rusumo kwenda Rwanda au Kabanga kwenda Burundi na silaha, huko wewe ni mhalifu tu.

Tatu, huku watu wana kumbukumbu. Aprili 1994 wakimbizi zaidi ya 200,000 waliingia Ngara kwa siku chache. Vita vya majirani vikaacha silaha haramu, na magari yakawa yanasindikizwa na polisi kupita pori la Biharamulo. Dar bastola kiunoni inaweza kukufanya uonekane bosi. Huku mteja anawaza jambazi.

Tena watekaji huja kundi. Bastola yako moja kwao ni mali ya kuchukua.

Fanya hivi:
✅ Lipa mzigo kwa simu au benki, usibebe keshi.
✅ Safiri mchana.
✅ Usiposti "kesho nafuata mzigo". Posti ukishafika.
✅ Hela ya kusafiria weka kidogo kidogo.

Wakikusimamisha, toa. Mtaji unatafutwa tena, roho hairudi.

Mtumie anayesafiri wiki hii.