Udongo, Nehemia na Vijana wa Kinama

Makambi ya kanisa ambayo vijana wengi wa Bujumbura wanayajua ni ya aina moja. Likizo kubwa ikifika, kati ya Julai na Septemba, wanapakiwa kwenye basi na magodoro yao hadi shule fulani ya bweni huko milimani. Wanahubiriwa asubuhi, wanahubiriwa mchana, na usiku wa mwisho mhubiri anauliza nani anampokea Yesu. Mikono inainuka, inahesabiwa, inaandikwa kwenye ripoti. Sina ugomvi na usiku ule. Hata mimi niliokoka usiku wa namna hiyo. Lakini nimelea vijana kanisani kwetu Kinama miaka mingi, huku cherehani ikinilisha, na mikono mingi iliyoinuliwa Agosti nimeikuta mifukoni kabla ya Krismasi.

Kambi yetu haina basi. Tunafyatua matofali.

Wazo tumeliiga kwa Centre Jeunes Kamenge, kituo kilichoanzishwa na wamisionari Wasaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika mitaa hii ya kaskazini. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993 na vita kufuata, mitaa ikagawanyika, huu wa Wahutu, ule wa Watutsi, na kuvuka barabara kukawa ni kucheza na roho yako. Kituo kikaendelea kupokea vijana wa pande zote, Wakristo na Waislamu. Mwaka 2002 kilipata Tuzo ya Right Livelihood, ile ambayo wengi huiita Nobeli mbadala. Kilichonivutia mimi ni kambi zao za kazi wakati wa likizo: vijana wa mitaa mbalimbali wanakanyaga udongo pamoja, na matofali yanajenga nyumba za wasio na uwezo.

Tofali bichi, rukarakara, linataka subira. Udongo unachimbwa jioni, unamwagiwa maji ya bidoni, unalala. Alfajiri unachanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, kisha vijana wanaingia miguu mitupu kuukanda mpaka uache kunata kwenye vidole. Kalibu inaloweshwa, inanyunyiziwa mchanga, inajazwa, inainuliwa taratibu. Tofali linafunikwa nyasi, maana jua la Agosti likilipiga ghafla linapasuka. Siku chache baadaye linageuzwa ubavu. Kila kalibu inashikwa na wawili, na wawili hao nawapanga mimi. Mlokole na Mkatoliki wanaobishana juu ya Bikira Maria hawawezi kuachana katikati ya neno. Wakiachana, udongo unaanguka.

Hapo ndipo malezi yanapofanyika. Kijana ambaye uso kwa uso hafungui mdomo, mpe beleshi, simama kando yake, tazameni chini wote wawili. Atasema.

Kijana mmoja alimpoteza dada yake usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua ilipoteremsha tope na mawe kutoka milimani hadi Kamenge, Kinama na Buterere. Walikufa watu zaidi ya 60, na nyumba za rukarakara zikalainika na kuanguka juu ya waliolala. (Ndiyo maana siku hizi hatuinui ukuta bila msingi wa mawe.) Tukiwa kwenye tope hadi magotini akaniuliza, “Mama, Mungu alikuwa wapi?” Mlezi mwenzangu, mtu mwema kabisa, akamrukia na aya mbili za Biblia. Kijana akanyamaza, akarudi kukanyaga. Baadaye, tulipokuwa tunafunika matofali, nikamwambia, “Mwanangu, sijui. Hata mimi nimemuuliza.” Nikamwonyesha kwamba Ayubu aliuliza kwa ukali kuliko yeye, na maswali yake hayakufutwa kwenye Biblia. Kesho yake akaja na swali jingine. Mtoto anayekuuliza hajaondoka. Wa kumwogopa ni yule anayejibu amina kwa kila kitu.

Jioni, baada ya ndizi na maharagwe, na ndagala mfuko ukiruhusu, tunasoma kidogo. Napenda sura ya tatu ya Nehemia, ambayo wahubiri huiruka kwa sababu ni orodha ya majina tu. Lakini someni: mafundi dhahabu na watengeneza manukato wanajenga ukuta, watu wengine wanajenga mbele ya nyumba zao wenyewe, wakubwa wa Tekoa wanaona kazi ile si ya hadhi yao, na Shalumu anajenga pamoja na binti zake. Wasichana wetu walipofika kwa hao binti waligonga meza. Tangu siku hiyo hakuna mvulana aliyethubutu kuwatuma jikoni peke yao.

Kazi ngumu huanza Septemba, shule zikifunguliwa. Mafuta ya gari yamekuwa adimu, kwa hiyo tunakutana penye kufikika kwa miguu, Jumapili jioni, na kila mlezi ana vijana wasiozidi watano. Asiyeonekana majuma mawili anatembelewa nyumbani, bila hotuba. Kwa yule tuliyemjengea nyumba tunarudi mvua zikianza, kuona kama ukuta umenyonya maji.

Mwaka huu mjane tunayemjengea ameshapata eneo, na mawe ya msingi yako njiani. Mabati bado. Kalibu za zamani zimeliwa na mchwa, na seremala anataka alipwe kwanza.