Je, Wajua? Injini ya Ndege ya Mfano Huwaka Bila Cheche

Injini ya ndege ya mfano mara nyingi ni injini ya mipigo miwili inayotoshea kwenye kiganja cha mkono. Moja iliyozoeleka sana, inayoitwa 40 kwa sababu silinda yake ina inchi za ujazo 0.40, hubeba sentimita za ujazo 6.5 tu, yaani kijiko cha chai na robo hivi. Pamoja na udogo huo, huzungusha propela ya inchi 10 zaidi ya mara 12,000 kwa dakika, ambazo ni mara 200 kila sekunde. Haina magneto wala koili, na ikiwa hewani hakuna betri inayoiwasha.

Katika mitaa ya Majengo, wa Embu na wa Meru, ndugu wa karibu wa injini hii ni ile ya msumeno wa kukatia miti au ya mashine ya kufyekea nyasi. Umbo la ndani ni lile lile. Pistoni yenyewe hufunga na kufungua matundu ya silinda, na mchanganyiko wa mafuta na hewa hupitia kwanza chini ya pistoni, kwenye chumba cha kranki, kabla ya kupanda juu kuchomwa. Fundi wa misumeno akiifungua ataitambua mara moja. Si ajabu basi kwamba injini nyingi za petroli zinazofungwa kwenye ndege kubwa za mfano zilizaliwa kutokana na injini za misumeno na za kufyekea. Kitakachomshangaza fundi huyo kwenye hii ndogo ni kukosekana kwa mtambo wowote wa kutoa cheche.

Kazi ya cheche hufanywa na plagi yenye kijisokota cha waya wa aloi ya platini. Kabla yake, injini hizi zilitumia plagi ya kawaida pamoja na koili na betri, mzigo mzito kwa ndege yenye uzito wa kilo moja au mbili. Mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden alileta sokoni plagi ya waya unaong'aa, na ndani ya miaka michache koili zikaachwa. Wakati wa kuwasha, betri ya volti 1.5 hugusishwa kwenye plagi hadi waya uwe mwekundu. Injini ikishashika, betri huondolewa, na waya huendelea kung'aa peke yake.

Unang'aa kwa nini? Sehemu ya joto hutoka kwenye mlipuko uliotangulia. Nyingine hutokana na tabia ya platini, ambayo Humphry Davy aliigundua mwaka 1817: waya wa platini uliopashwa moto hubaki ukiwaka ndani ya mchanganyiko wa gesi na hewa, hata kama hakuna mwali. Mvuke wa methanoli huungana na oksijeni kwa urahisi juu ya uso wa platini, na muungano huo hutoa joto. Petroli haifanyi hivyo kwa kiwango cha kutosha. Mtu akiitia petroli ya kituo cha mafuta, injini hii haitaendelea.

Matokeo yake ni kwamba hakuna kifaa kinachopanga saa ya mlipuko. Katika msumeno, sumaku ya magneto huamua cheche itoke pistoni ikiwa wapi. Hapa mlipuko hutokea wakati mgandamizo, joto la waya na uwiano wa mafuta na hewa vinapokutana. Propela nzito, plagi yenye joto zaidi, hewa ya mchana badala ya ya alfajiri: kila kimoja husogeza mlipuko mbele au nyuma. Ndiyo maana kuitengeneza injini hii ili ipige vizuri ni, kwa sehemu kubwa, kuipimia mafuta dhidi ya hewa ya mahali ilipo.

Mafuta yake ya kawaida ni methanoli asilimia 70 hadi 80, mafuta ya kulainisha karibu asilimia 20, na mara nyingi nitromethani kidogo ya kuongeza nguvu na kutuliza mwendo wa chini. Msumeno wa kisasa huridhika na sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli. Injini ya ndege hudai oili mara kumi ya hiyo. Tena hunywa sana. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa, ilhali kilo moja ya methanoli huhitaji 6.5 tu. Tangi la mililita 300 huisha kwa dakika 10 hadi 15. Faida ya methanoli ni kwamba ikigeuka mvuke hufyonza joto jingi, takriban mara tatu ya petroli, hivyo huipoza injini kutoka ndani.

Oili ya asili ya mchanganyiko huu hutoka kwenye mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, mmea unaojiotea kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba kote Embu na Meru. Mbarika una asili ya Afrika Mashariki, na jamii za kuzunguka Mlima Kenya zilikamua mbegu zake kwa ajili ya kulainishia ngozi tangu zamani. Mafuta yake yana sifa mbili ambazo wahandisi wa injini bado wanazihitaji. Huyeyuka katika methanoli, jambo ambalo oili ya kawaida ya gari haiwezi, na yakipata joto kali hayakimbii chuma: huganda kuwa utando mwembamba unaoendelea kulainisha hata pale mafuta yanapopungua kwenye silinda. Utando huo huacha madoa ya kahawia, na watengenezaji wa sasa huchanganya mbarika na oili za kiwandani ili kuyapunguza. Yanayotumika ni mafuta yaliyosafishwa na kuondolewa utomvu na maji, si yale yaliyokamuliwa nyumbani. Mbegu zenyewe ni sumu.

Methanoli nayo ni sumu, na Embu inalijua hilo kuliko sehemu nyingi. Mei 2014 pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu nchini Kenya na kuwapofusha wengine, na Embu ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopoteza watu wengi. Mafuta ya injini hii huhifadhiwa kwenye chombo chenye alama, mbali na jikoni na watoto, na kamwe hayatiwi kwenye chupa ya soda au ya maji. Hatari nyingine ni ya moto: mwali wa methanoli hauonekani vizuri kwenye jua la mchana, kwa hiyo mtu anaweza kuungua kabla hajatambua kuna kinachowaka.

Injini hufungwa kwanza kwenye benchi imara kwa boliti. Tangi huwekwa karibu na injini, mstari wake wa kati ukilingana na sindano ya kabureta au ukiwa chini yake kidogo. Likipanda juu mno mafuta hufurika, likishuka mno injini hufa njaa pua ya ndege inapoelekezwa juu. Ndani ya tangi kuna mpira mwembamba wenye kizito mwishoni, unaofuata mafuta popote ndege inapolalia, na bomba jingine huleta mgandamizo kutoka kwenye ekzosi ili kuyasukuma. Jambo moja linalosahaulika kwenye barabara za murami ni vumbi. Msumeno una kichujio cha hewa, injini ya ndege kwa kawaida haina, na propela huinua kila kilicho mbele yake. Nyasi fupi au sakafu iliyomwagiwa maji hufaa zaidi kuliko udongo mwekundu mkavu.

Sindano kuu hufunguliwa mizunguko miwili na nusu hadi mitatu kutoka pale inapofunga. Kidole huziba mdomo wa kabureta huku propela ikizungushwa kwa mkono mpaka mafuta yafike, bila betri kuwa imeunganishwa. Kisha kabureta huachwa wazi kwa robo, betri hugusishwa kwenye plagi, na propela hupigwa kwa kijiti cha mbao au mashine ya kuwashia. Kutumia kidole kitupu ni ushujaa usio na faida. Propela ya inchi 10 kwenye kasi kamili ni duara lisiloonekana, na hukata nyama na mfupa bila kupungua mwendo. Injini ikishika, mtu huenda nyuma yake, na marekebisho yote hufanywa kutoka huko.

Sindano hurekebishwa kwa sikio kabureta ikiwa wazi kabisa. Mafuta yakizidi, injini hunguruma kwa sauti nzito, kwa sababu hulipuka mzunguko mmoja na kuruka unaofuata, na moshi mweupe hujaa nyuma. Sindano ikifungwa kidogo kidogo, sauti hupanda ghafla na kuwa mlio mmoja mkali. Ukiendelea kufunga, mlio hufikia kilele, kisha hulegea. Mahali sahihi si kwenye kilele bali nyuma yake, pale kasi inapopungua kwa mizunguko 200 au 300 kwa dakika na moshi mwembamba bado unaonekana. Ndege ikipanda, tangi huwa chini ya injini na mafuta hupungua, na akiba hiyo ndiyo huiokoa pistoni.

Hapa ndipo mwinuko unapoingia. Embu iko kwenye takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na Meru karibu mita 1,500. Siku ya joto, hewa ya Meru ina uzito pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Mombasa kwa ujazo ule ule. Injini iliyopimwa Mombasa ikifika Meru itakuwa na mafuta mengi kuliko hewa, itanguruma na kukosa nguvu, na sindano itabidi ifungwe kidogo. Safari ya kurudi ndiyo ya hatari. Injini iliyopimwa Meru ikishuka pwani hukutana na hewa nzito, mafuta yanakuwa haba, joto linapanda, na pistoni inaweza kukwaruzika kwa dakika chache. Kwa kuwa hewa nyepesi huilemea propela kidogo, watumiaji wa nyanda za juu huweza kuiongezea inchi moja ya urefu. Nguvu iliyopotea hairudi kwa hila hiyo, na bawa nalo hubeba kidogo, hivyo ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kuinuka.

Joto pekee hufanya vivyo hivyo hata kwenye usawa wa bahari. Februari 1915 Waingereza walileta ndege za baharini za Sopwith kwenye kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia, ili kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Injini za ndege hizo zilikuwa Gnome, ambazo silinda zake zote huzunguka pamoja na propela na ambazo zililainishwa kwa mafuta ya mbarika. Katika joto la delta zilishindwa kupaa na mzigo wa mabomu. Kwenye benchi ya Embu tofauti ni ndogo, lakini injini iliyopimwa asubuhi ya baridi ya Julai itabadilika sauti kabla ya adhuhuri.

Injini mpya huzoezwa kazi kulingana na chuma chake. Yenye pete ya pistoni hupigishwa kwa mafuta mengi na vipindi vifupi, ikipoa katikati. Ile yenye pistoni ya alumini ndani ya silinda ya shaba iliyopakwa kromu haitaki kubembelezwa hivyo. Silinda yake ni nyembamba juu ikiwa baridi na hunyooka ikipata moto, kwa hiyo kuipigisha ikiwa baridi mno huila.

Mwendo wa chini hurekebishwa mwisho, kwa skrubu yake, hadi injini itulie kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500. Kabureta hufunguliwa ghafla: injini ikizima papo hapo, mafuta ni haba, ikigugumia na kutema moshi kwanza, yamezidi. Ikizima betri inapoondolewa, aghalabu plagi imechoka.

Kuirusha ndege ni suala jingine, na Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kazi ya benchi huisha kwa kuziba bomba la mafuta injini ikiwa bado inapiga, ili iunguze kilichobaki hadi izime yenyewe. Methanoli hunyonya unyevu wa hewani, na katika ukungu wa Meru beringi za chuma huweza kushika kutu baada ya siku chache. Matone machache ya oili isiyo na methanoli hutiwa kwenye kabureta na kwenye tundu la plagi, propela huzungushwa kwa mkono ili oili isambae, na injini hufungwa kwenye kitambaa kisichopitisha vumbi.