Tumbusi, Mfagiaji wa Mbuga, Yumo Hatarini

Watu wengi hawampendi tumbusi. Humwona juu ya mzoga, shingo karibu tupu, kichwa kimejaa damu, nao husema: "Ndege gani mchafu huyu!" Lakini tukimtazama vema tutaona kwamba mchafu siye yeye. Yeye ndiye mfagiaji.

Katika mbuga za Tanzania na Kenya wako tumbusi wa aina kadha wa kadha. Mmoja ajulikanaye sana ni yule mwenye mgongo mweupe. Akinyosha mabawa yake, toka ncha hata ncha yapita mita 2. Asubuhi hana haraka. Hukaa mtini akingoja jua liipashe nchi moto, maana hewa ya moto hupanda juu, naye hupanda pamoja nayo, akizunguka pasipo kupiga mabawa.

Hatafuti chakula kwa pua, bali kwa macho. Huko juu huangalia chini, tena huwaangalia wenzake. Mmoja akishuka, jirani yake amwona, naye ashuka. Wa tatu amfuata wa pili. Kitambo kidogo wamekuwa kundi zima. Nyama iliyooza haiwadhuru, kwa kuwa maji ya tumbo lao ni makali mno, nayo huua vijidudu vya magonjwa mengi.

Lakini desturi hiyo ya kufuatana ndiyo inayowaangamiza siku hizi. Simba au fisi akimwua ng'ombe, pengine mfugaji kwa hasira hutia mzoga sumu ya wadudu wa shambani. Majangili nao hutia sumu, maana tumbusi wakizunguka angani huwaonyesha askari mahali alipouawa mnyama. Mwaka 2019, kaskazini ya Botswana, mizoga ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537.

Hasara hiyo haifidiwi upesi. Tumbusi mgongo-mweupe hutaga yai moja tu. Dume na jike hupokezana kulilalia karibu miezi miwili, kisha kinda hukaa kiotani miezi minne hivi, na miaka kadhaa hupita kabla naye hajapata kinda lake. Tangu mwaka 2015 ameandikwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka.

Je, asipokuwapo itakuwaje? Watu wa India wamekwisha kuona. Katika miaka ya 1990 tumbusi wao walianza kufa kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa iitwayo diklofenaki. Kwa aina moja, katika kila ndege 100 hakusalia hata 1. Mizoga ikabaki ikioza, mbwa wa kuzurura wakaongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa ikazidi. Mwaka 2006 serikali yao iliikataza dawa hiyo kwa mifugo.

Basi, ndugu mfugaji, kinga yako ni boma imara la miiba, na ng'ombe waingizwe kabla ya giza. Ukikuta mzoga na ndege waliokufa kando yake, usiuguse. Wazuie watoto na mbwa, kisha uwaarifu askari wa wanyamapori. Sumu haichagui: leo yamwua tumbusi, kesho mbwa wako, kesho kutwa mtoto wako.