KWA NINI MUHOGO MCHUNGU HULOWEKWA

Leo tutajifunza kwa nini muhogo mchungu hulowekwa kabla ya kupikwa.

Muhogo umejengwa kwa vijumba vidogo sana viitwavyo seli. Ndani ya vijumba hivyo mna linamarini, yaani sukari iliyofungamana na sumu ya sianidi. Katika kuta zake mna mfanyakazi asiyeonekana kwa macho, aitwaye kimeng'enya. Kazi yake ni kuikata linamarini, sumu ipate kutoka. Muhogo ukitwangwa, au ukilowekwa mpaka ulainike, kuta hubomoka na wawili hao hukutana. Sumu hutoka, nyingine hewani, nyingine majini.

Kimeng'enya hushikaje? Ni kama uzi mrefu uliokunjamana, na katika mikunjo yake mna kishimo. Mwaka 1894 Mjerumani Emil Fischer alikifananisha na kufuli lenye ufunguo wake. Mwaka 1958 Mmarekani Daniel Koshland alieleza kwamba kufuli hilo si gumu kama chuma. Fikirini mnavyoshika yai: kiganja hujikunja kufuata umbo la yai. Vimeng'enya vingi hufanya vivyo hivyo. Hujibana kidogo, kitu kikae mahali hasa pa kukatwa. Kisha hufunguka, vipande hutoka, na kazi huanza upya.

Sasa angalieni hatari. Maji yanayochemka hukunjua mikunjo hiyo. Kishimo hupotea, na kimeng'enya hakiwezi kushika tena. Lakini linamarini haiharibiki upesi kwa moto. Basi anayechemsha muhogo mchungu mara tu baada ya kuumenya amemwua mfanyakazi, na sumu imebaki chunguni.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 kaskazini mwa Msumbiji walipooza miguu. Njaa iliwafanya wale muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vya kutosha. Ugonjwa huo huitwa konzo, na miguu ikisha kupooza haiponi.

Kwa hiyo menyeni muhogo, uloweke siku tatu au zaidi mpaka ulainike, mwageni maji, mwuponde, mwuanike juani, ndipo msage.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini kimeng'enya kilichochemshwa hakifanyi kazi?
2. Wakati wa njaa, tufanyeje ili watu wasifupishe siku za kuloweka?