Siku moja kwenye zoo ya Lubumbashi pamoja na watoto wa materneli

Likizo kubwa iko mlangoni, na maneno ni yale yale ya kila mwaka. Kwenye mkutano wetu wengine wamesema: tutoe sehemu ya likelemba, tukodi bisi, tupeleke watoto wetu wadogo Lubumbashi waone zoo. Wengine wamejibu: mtoto wa miaka mine atakumbuka nini? Franka hizo afadhali zitafute viatu na madaftari ya Septemba. Sisi tunaofundisha materneli tumekwisha kufanya safari hiyo na watoto wa umri huo, zaidi ya mara moja, na tunaona pande zote mbili zinasema kitu cha kweli. Basi tuongee.

Tuanze na hilo la kukumbuka, juu ya ndilo linalouma. Ni kweli, mtu mzima hakumbuki mengi ya wakati alipokuwa na miaka mitatu au mine. Kila mmoja wetu ajiulize, ataona ni vipande viwili vitatu tu, na hata hivyo hajui kama aliviona au alisimuliwa. Lakini mtoto hapelekwi zoo ili aje kukumbuka akiwa na miaka thelathini. Anapelekwa ili apate kitu cha kuongea sasa. Tulikuwa na mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza ambaye tangu Septemba alikuwa anajibu kwa kichwa tu, ndiyo au hapana. Siku tatu nyuma ya safari alisimama mbele ya wenzake akasema: «Mamba ilifungua kinywa lakini haikukula.» Sentensi nzima, na «lakini» ndani yake! Walimu wenzetu wanajua tunachosema. Miezi ya kuimba naye rangi na namba haikutoa sentensi ile.

Kitu kingine ni kwamba mtoto anashika kile alichokiongelea na mtu anayempenda. Safari isiyosimuliwa nyumbani inapotea upesi. Ile ambayo mama anaiuliza jioni, kisha kesho yake wakati wa kuchambua sombe, kisha Jumapili mbele ya kambo, hiyo inakaa. Na msiulize «Ulifurahi?», hapo mtoto anajibu ndiyo na maneno yanakwisha. Ulizeni: «Simba alikuwa anafanya nini? Nani aliogopa? Tulikula wapi?»

Sasa safari yenyewe. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 120 za lami. Kwa gari la mtu binafsi si mbali. Kwa bisi yenye watoto ishirini, na kamyo za migodi zimejaa barabarani, hesabuni masaa mawili na nusu au matatu, na msimkaze shofere. Mwezi wa Julai asubuhi kwetu kuna baridi ya kweli, lakini saa sita jua linachoma. Mtoto avae nguo mbili tatu juu ya nyingine ili mvue moja moja, na kofia iwe kwenye mfuko. Wale wanaotapika kwenye gari wakae mbele, wale chakula kidogo kikavu asubuhi, wasinywe maziwa. Kila mama awe na sashe mbili, kitambaa chenye maji, na vaze ya mtoto. Vaze, ndiyo. Mtoto wa miaka mitatu akisema «mama, mkojo», anasema juu ya sasa hivi, hasemi juu ya Luisha.

Tunapenda kumpeleka na kambo mmoja au wawili. Wengine wanafikiri mzee atachoka na kuwa mzigo. Kwetu imekuwa kinyume. Kambo ndiye anayejua hadithi za Kalulu na Kabundi, na toka daraja la Lufira mpaka karibu na mji, bisi nzima inanyamaza kumsikiliza. Shofere naye anapunguza muziki.

Kwenye mlango wa zoo ndipo shida ya kwanza inatokea, nayo ni shida ya watu wazima. Tumelipa, tumetoka mbali, tunataka kuona vyote. Tunamvuta mtoto mkono: njoo huku, angalia kule, harakisha! Hapo ndipo siku inaharibika. Mtoto wa umri huu anaweza kuangalia kitu kimoja kwa moyo wote dakika kumi, pengine kumi na tano, kisha anataka kukimbia, kunywa maji, kuokota majani. Wanyama wanne au watano kwa siku wanamtosha kabisa. Tunachagua mbele: simba, mamba, nyani, na mmoja wa kuchaguliwa na mtoto mwenyewe. Mwaka mmoja watoto walichagua mchwa uliokuwa unapanda mti karibu na njia. Wamama wawili walikasirika: «Mchwa si uko hata Kikula?» Uko, lakini Kikula hawana wakati wa kuinama kuuangalia.

Simba aonekane asubuhi. Simba analala sehemu kubwa ya siku, anaweza kufikisha hata masaa ishirini, na watoto wakifika saa saba mchana wataona mgongo tu. Mamba ni shida nyingine. Analala bila kutikisika, kinywa wazi, na watoto wanasema amekufa au ni wa plastiki. Wanapenda sana wakielezwa kwamba anafungua kinywa ili mwili wake upoe, na kwamba mamba mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Lakini mtoto mwenye njaa atauliza hapo hapo: «Na sisi?»

Wengine wanaogopa. Mtoto aliyekuwa anaimba simba njia yote, akifika mbele ya simba mwenyewe anaficha uso kwenye kitenge cha mama. Tafadhali, tusimcheke, na tusimsukume mbele ili tupate picha. Mbebe, rudi nyuma hatua kumi, mwangalie simba toka mbali pamoja naye. Mara nyingi atashuka mwenyewe. Asiposhuka, si kitu, simba ameonekana.

Tumeacha sokomutu kwa mwisho juu ya tuna mengi ya kusema hapo. Kwenye zoo ya Lubumbashi kuna makimbilio ya sokomutu yaliyoanzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau, yanaitwa J.A.C.K., maana yake wanyama wadogo walionyang'anywa wauzaji katika Katanga. Muulize mbele siku na saa za kuwaona. Sokomutu wengi wa pale walifika wakiwa watoto. Ili mwindaji amkamate mtoto wa sokomutu akiwa mzima, ni lazima amuue mama yake kwanza, na mara nyingi na wengine wanaokuja kumtetea. Mama sokomutu ananyonyesha miaka mine au mitano, anamchukua mtoto wake tumboni, akikua kidogo anamchukua mgongoni. Mama yeyote wa soko la Likasi mwenye mtoto mgongoni anaelewa bila kuelezwa. Mwezi wa Septemba 2022 wezi waliingia usiku wakateka watoto watatu wa sokomutu toka pale, wakadai pesa ili wawarudishe. Wengi wenu mlisikia habari hiyo kwenye redio.

Je, mtoto wa miaka mine aambiwe hayo? Tumebishana juu ya hilo sisi walimu. Kuna anayesema watoto wasibebeshwe huzuni siku ya furaha. Tulichokubaliana ni kumwambia kadiri anavyouliza. «Mama yake yuko wapi?» Hilo watauliza, kila mara. Tunajibu: «Watu wabaya walimuua porini. Sasa watu wengine wanamlea.» Basi. Mtoto anafikiri kidogo, kisha anauliza anakula nini. Katika mji wetu kuna watoto wanaolelewa na kambo au tantini juu ya wazazi hawako tena, na tumeona jibu hilo linawakaa vizuri kuliko tulivyofikiri. Mmoja alisema: «Sawa mimi.» Hakulia. Alibaki pale muda mrefu, na hatukumwondoa.

Jambo moja hapo ni la lazima. Sokomutu anapata magonjwa yetu, na mafua ya mtoto wako yanaweza kumuua. Mtoto anayekohoa akae mbali. Hakuna kutupa ndizi wala vitumbua, hata kama mnyama ananyoosha mkono kwa huruma.

Chakula tuseme upesi. Bukari na samaki ni vya jioni nyumbani, havina nafasi kwenye bisi. Pelekeni vitumbua, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga kwa wale wakubwa tu (mdogo chini ya miaka mitano anaweza kukabwa na karanga), na maji yaliyochemshwa kila mtu kwenye chupa yake. Munkoyo ni tamu, lakini joto la bisi linauchachisha. Watoto wale saa tano na nusu, mbele hawajaanza kulia. Mtoto akikwisha kulia kwa njaa, hata chakula hatakipokea.

Kisha walale. Hili wamama wengi hawalipendi: «Tumetoka Likasi tuje kulala?» Ndiyo. Tandikeni vitenge chini ya mti, kambo aendelee na Kalulu, nusu saa au saa moja. Wasiopata usingizi wapumzike tu. Bila hiyo, saa nane mtakuwa na watoto ishirini wanaopigana na wamama kumi wanaopigana nao.

Juu ya kupotea: mtu mzima mmoja kwa watoto watatu, asizidishe, na awajue kwa majina. Wote wavae kitambaa cha rangi moja shingoni. Namba ya telefoni iandikwe kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto, ndani ya nguo, na iwe namba ya mtu aliye kwenye safari, si ya papa aliyebaki Shituru. Tuhesabu watoto kila tunapotoka mahali na kila tunapofika, kwa sauti, watoto wenyewe wakihesabu. Wanajifunza namba kwa njia hiyo kuliko ubaoni.

Kwenye telefoni zetu zinafika pia picha za ndugu walio Ulaya: mtoto wa tantini yuko mbele ya jumba la Disneyland karibu na Paris, lile lililofunguliwa mwaka 1992, na watoto wetu wanauliza kwa nini sisi hatuendi. Wasionewe haya kuuliza. Lakini wamama waliofika kule na watoto wadogo wanasimulia mambo ambayo tungeweza kuyasimulia sisi: mistari ya kungoja, kilio cha saa nane, mtoto anayekataa kutoka kwenye dimbwi la maji wakati michezo ya bei kubwa iko nyuma yake. Tena michezo mingi ya mbio kule inapima urefu wa mtoto, na wa miaka mitatu hapandi. Wana desturi moja nzuri ya kuiga: mzazi mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila kupanga mstari tena. Nasi tufanye hivyo. Yaya wa miaka tisa wanataka kuzunguka zoo nzima, na wana haki. Mama mmoja aende nao, mwingine abaki na wadogo chini ya mti, nyuma ya saa moja wabadilishane. Hivyo hakuna mama anayerudi Likasi akiwa ameona vaze tu.

Kurudi, tuondoke mbele ya saa tisa. Barabara ya usiku pamoja na kamyo hatuitaki, na jua linazama saa kumi na mbili.

Na wale ambao mwaka huu pesa haifiki? Hatusemi wakope. Likasi yenyewe ina makumbusho ya mawe, Sengier-Cousin, na mtoto wa mji wa shaba anayeona malakiti ya kijani kwa karibu mara ya kwanza anafungua macho vilevile. Tungependa hata wale wa zoo waanze na hapo, wiki mbili mbele. Ni karibu, watoto wanajifunza kushikana mikono na kuhesabiwa, na sisi tunaona nani anakimbia.

Mbele ya kupiga kura tunaomba mtu mmoja apige telefoni zoo aulize bei ya kuingia ya mtoto na ya mtu mzima, na mwingine aulize bei ya bisi kwa wenye bisi watatu, si mmoja. Mkutano ukikubali, majina yataandikwa siku hiyo hiyo. Kila mama alete umri wa mtoto, ugonjwa wake kama anao, namba ya telefoni, na jina la mtu mzima atakayemshika mkono.