Muundo wa Matriki: Mfanyakazi Mmoja, Wakuu Wawili

Katika muundo wa kawaida wa shirika, kila mfanyakazi hupokea amri kutoka kwa mkuu mmoja tu. Henri Fayol, Mfaransa aliyechapisha kanuni 14 za uongozi mwaka 1916, aliuita utaratibu huu umoja wa amri. Muundo wa matriki huivunja kanuni hiyo kwa makusudi. Mfanyakazi huwajibika kwa mkuu wa idara yake na pia kwa meneja wa mradi. Muundo huu ulienea miaka ya 1960 katika viwanda vya ndege na vyombo vya anga vya Marekani, ambako mradi mmoja ulihitaji wataalamu wa idara nyingi.

Mfano wa karibu. Nchini Tanzania, Mganga Mkuu wa Wilaya huwajibika kiutawala kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Kitaalamu, hufuata sera na miongozo ya Wizara ya Afya. Huu si muundo kamili wa matriki, lakini unaonyesha wazi mistari miwili ya uwajibikaji.

Faida
(i) Wataalamu wachache hutumika katika miradi mingi.
(ii) Taarifa hupita haraka kati ya idara.

Hasara
(i) Amri huweza kugongana. Fahali wawili hawakai zizi moja.
(ii) Mfanyakazi huweza kuelemewa na kazi za pande mbili.
(iii) Kosa likitokea, ni vigumu kujua nani awajibike.

Jihadhari! Usiandike kwamba wakuu wote wawili huamua kila jambo. Kwa kawaida, meneja wa mradi huamua kazi ipi ifanyike na lini. Mkuu wa idara huamua ifanyike kwa utaratibu na ubora gani. Ukieleza mgawanyo huu, jibu lako litakuwa na uzito.

Jipime
Meneja wa mradi amemwagiza mhasibu awalipe mafundi leo. Mkuu wa idara ya fedha amemkataza mpaka hati zikamilike. Mhasibu afanye nini?

Dokezo: Siku ya malipo ni suala la mradi, lakini hati ni suala la idara. Mhasibu asilipe kwa siri wala asikae kimya. Awajulishe wakuu wote wawili mara moja ili wakubaliane. Kisha pendekeza mipaka ya mamlaka yao iandikwe kabla ya mradi mwingine kuanza.