Mzee Akiugua, Anamwuliza Nani?

Katika mitaa yetu ya Usagara, Ngamiani na Makorora, mzee akisikia kizunguzungu au ganzi miguuni, mara nyingi haanzii kwa daktari. Huanzia barazani penye kahawa, kwa jirani, kwenye duka la dawa, au humwambia mjukuu atazame kwenye simu. Hatuwalaumu. Nauli ni tatizo, foleni ni ndefu, na pengine mhudumu husema haraka haraka huku masikio ya mzee yamepungua nguvu. Barazani mtu huuliza hata mara tatu.

Shida ni kwamba jirani mwema naye hukosea. Sisi wauguzi hupokea wazee walioacha vidonge vya presha kwa kuambiwa, "Ukijisikia vizuri umeshapona." Sivyo. Presha ikifika 140/90 na kuzidi, mara nyingi haina dalili yoyote. Ukiacha dawa hupanda tena kimya kimya, na dalili ya kwanza huweza kuwa kiharusi: mdomo kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito. Hapo ni hospitali mara moja, si kuchuliwa kwanza.

Wengine hununua diklofenaki kwa ajili ya magoti, wakaimeza miezi na miezi. Dawa hiyo huweza kupandisha presha na kudhuru figo.

Familia ifanye nini?

1. Msindikizeni mzee kliniki. Msindikizaji asikilize, lakini mwacheni mzee ajieleze mwenyewe.

2. Chukueni dawa zake zote katika mfuko mmoja, hata za miti shamba.

3. Kabla ya kuondoka ulizeni: Dawa hii ni ya nini? Inamezwa vipi, na hadi lini? Tukiona nini turudi upesi? Kisha mzee arudie maelezo kwa maneno yake.

4. Akisikia dawa mpya barazani, msimcheke. Iulizieni kituoni kabla hajaitumia.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Asiye na uwezo aulizie utaratibu wa msamaha wa matibabu katika ofisi ya serikali ya mtaa, na akifika hospitali ya serikali aulize dirisha la wazee.

Nanyi wanajumuiya, mkimtembelea mzee, baada ya salamu mwulizeni: "Bibi, vidonge vimebaki vingapi?"